Ndege Isiyokuwepo: Masaa 16 na Dakika 56

Leo nataka kulalamika kidogo kuhusu zile kurasa zinazokuambia umbali wa ndege kati ya miji miwili. Unazijua. Unaandika mji wa kwanza, unaandika mji wa pili, unabofya, na kabla hujapepesa macho unaletewa kilomita, maili na "muda wa safari". Ziko nyingi ajabu, nyingine zimenakiliana hadi makosa ya tahajia, na zote hujibu kwa uhakika wa mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na naweza kukuambia kwamba kazi yote inayofanyika pale haizidi mistari kumi. Hesabu yenyewe ni sahihi. Ugomvi wangu ni na lile neno "safari".

Tuchukue mfano wa kwetu. Ukiuliza hapa Nyanchwa, au Keroka, au kule Nyamira, jamaa wa ng'ambo wako wapi, mara nyingi utaambiwa Minnesota. Watu wetu wamejaa Minneapolis na vitongoji vyake kama Brooklyn Park. Kwa hiyo jozi ya miji inayoulizwa sana katika nyumba zetu si London na New York. Ni Minneapolis na Nairobi.

Hesabu huenda hivi. Uwanja wa JKIA uko latitudo 1.32 kusini na longitudo 36.93 mashariki. Uwanja wa Minneapolis uko 44.88 kaskazini na 93.22 magharibi. Unaichukulia dunia kuwa mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, halafu unatafuta njia fupi kuliko zote juu ya uso wa mpira huo. Wataalamu huiita duara kuu, kwa sababu ukiiendeleza njia hiyo mbele na nyuma itauzunguka mpira mzima na kuukata katikati kabisa. Kanuni maarufu ya kupata urefu wake ni ile ya haversaini, ambayo watunzi wa programu waliipenda zaidi baada ya R. W. Sinnott kuieleza mwaka 1984 katika jarida la Sky & Telescope, kwa kuwa haiharibiki hata pointi mbili zikiwa karibu sana. Ukitaka usahihi wa mita, kuna kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975 inayokumbuka kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Kwa msafiri tofauti hiyo haina maana. Jibu ni kilomita 13,147 hivi.

Mpaka hapo hakuna neno. Sasa inakuja hatua ya pili, ambayo ndiyo inayonikera. Programu inachukua hizo kilomita, inazigawa kwa mwendo wa wastani wa ndege, tuseme kilomita 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na inakuandikia: masaa 16 na dakika 56. Angalia hizo dakika 56. Mtu ambaye hajui hata kama kuna ndege anakupa jibu hadi dakika! Sisi tuliosoma sayansi ya kompyuta tulifundishwa mapema kwamba jibu haliwezi kuwa sahihi kuliko data iliyoingia. Lakini tarakimu zikishaonekana kwenye skrini zinapata heshima ambayo hazikuifanyia kazi.

Na ukweli ni kwamba hakuna ndege hiyo. Hakuna shirika linalobeba abiria moja kwa moja kati ya Minneapolis na Nairobi. Si kwamba haiwezekani: ndege za kutoka Singapore hadi New York huruka zaidi ya kilomita 15,000 bila kutua. Ni kwamba hakuna aliyeona biashara ya kutosha katika jozi yetu. Kwa hiyo ile "masaa 16 na dakika 56" ni muda wa safari ambayo hakuna mtu aliyewahi kununua tiketi yake.

Kabla sijaendelea kulalamika, nikupe jambo moja zuri nililolipata nikichezea hesabu hizi. Watu wengi wakitazama ramani ya ukutani hufikiri kupitia Ulaya kwenda Minnesota ni kuzunguka. Hapana. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,678. Amsterdam hadi Minneapolis ni kilomita 6,685. Tazama zilivyo karibu kulingana! Jumla ni 13,363, yaani kilomita 216 tu zaidi ya ile njia fupi kuliko zote. Amsterdam iko karibu kabisa katikati ya mstari kati ya nyumba zetu mbili, kama Narok ilivyo kati ya Kisii na Nairobi. Na kutoka Amsterdam duara kuu halikati bahari ya Atlantiki moja kwa moja kama ramani inavyodanganya. Linapanda hadi karibu na ncha ya kusini ya Greenland, ndipo linateremka kuelekea Minnesota. Ukipitia Doha na Chicago unafika kilomita 15,300 na ushee. Kwa hiyo yule anayesema "mimi napitia Amsterdam kwa sababu ni karibu" ana haki, hata kama alichofuata kwa kweli ni bei.

Basi kama kilomita ni karibu zile zile, kwa nini safari si masaa 17?

Kwanza, kwa sababu hakuna mtu anayeishi uwanja wa ndege. Jaribu kuandika "Nyanchwa" kwenye kurasa hizo. Haipo. Andika "Kisii" na nyingine zitakupeleka kwenye uwanja wenye alama ya KIS. Ukiona KIS unafurahi kidogo, mpaka ugundue kwamba KIS ni Kisumu. (Ndiyo, hata alama yetu wameichukua majirani. Tumezoea.) Kisumu yenyewe ni zaidi ya kilomita 100 za barabara kutoka hapa. Suneka tunao uwanja mdogo, lakini ndege ndogo za aina ile hutua Wilson, na kutoka Wilson unatafuta teksi ya kukupeleka JKIA kupitia foleni ya Mombasa Road. Watu wengi hapa bado wanafanya yale waliyofanya siku zote: wanapanda matatu ya Nairobi, kupitia Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu.

Hapa ndipo hesabu inachekesha. Kutoka Kisii mjini hadi Minneapolis kwa mstari wa duara kuu ni kilomita 12,942. Kutoka JKIA ni 13,147. Maana yake sisi wa Kisii tuko karibu na Minneapolis kuliko watu wa Embakasi, kwa kilomita 205. Msafiri wa kwetu anaanza kwa kurudi nyuma. Anapoteza masaa saba barabarani ili awe mbali zaidi na anakokwenda. Na hizo kilomita 250 hivi za mstari ulionyooka kati ya Kisii na JKIA ni chini ya asilimia 2 ya njia nzima ya kutoka Minneapolis, ilhali kwa muda ni zaidi ya asilimia 20 hata mambo yakienda sawa. Mambo kwenye barabara hiyo si lazima yaende sawa. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Narok ikinyesha sana mji hujaa maji na magari husimama. Na hata siku ya kawaida, kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa nyuma ya malori ni jambo la kumwachia Mungu.

Nifanye hesabu ya mtu anayekuja nyumbani, kwa sababu hiyo ndiyo yenye uzito kwetu. Anafunga mlango wake Brooklyn Park Jumatatu saa sita mchana kwa saa za kule. Anafika uwanjani mapema, anakabidhi mizigo, anakaguliwa, na ndege inaondoka saa tisa na nusu alasiri. Masaa nane hadi Amsterdam. Anasubiri masaa matatu na nusu. Masaa mengine nane hadi JKIA, anatua Jumanne saa moja jioni kwa saa za Kenya. Uhamiaji na mizigo, saa moja na nusu, naye akiwa na bahati kwamba sanduku lake halijabaki Ulaya. Sasa ni saa mbili na nusu usiku. Akiwa na moyo mgumu anaingia gari usiku ule ule na kufika Nyanchwa saa tisa na nusu ya alfajiri. Akiwa na akili analala Nairobi, anatoka alfajiri, anafika Jumatano saa sita na nusu mchana. Hesabu kutoka mlango hadi mlango: masaa 31 na nusu kwa mwenye haraka, masaa 40 na nusu kwa mwenye akili. Hewani alikaa masaa 16. Kwa maneno mengine ile kurasa haikukosea sana juu ya muda wa hewani! Ilichokosea ni kuuita safari.

Na hiyo ni siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Sasa kwa nini nafanya makelele juu ya jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu hapa kwetu nambari hiyo hutumiwa kupanga tarehe ya mazishi.

Mwaka jana tulifiwa na shangazi. Kifungua mimba wake yuko Brooklyn Park, na kila mtu alikubali kwamba hazikwi kabla mwanawe hajafika kutupa udongo. Kamati ikakaa chini ya mwembe, na baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kila kamati katika ukoo wetu, akatoa simu. Akanigeukia. "Wewe uliyesomea kompyuta, hebu tusomee hapa. Ndege ni masaa mangapi?" Nikasoma: masaa 16 na dakika 56. Nikamwambia, baba, huu si muda wa kufika, huu ni muda wa kuwa hewani, tena wa ndege isiyokuwepo. Hesabu siku mbili kamili halafu weka ya tatu ya akiba. Akanitazama kwa huruma. "Lakini mwanangu, si imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa. Nani atabishana na maandishi? Binamu alipata tiketi ya Jumatano mchana kwa saa za kule. Kamati ikahesabu: masaa 17, atatua Alhamisi alasiri, usiku yuko nyumbani, Ijumaa saa nne asubuhi ibada inaanza. Ijumaa ilikuwa ndiyo siku pekee. Kesho yake ni Sabato, na katika familia ya Wasabato Jumamosi hakuna kuzika. Kuruka Ijumaa ni kusogea hadi Jumapili au Jumatatu, na kila siku mochari inadai, mahema na viti vinadai, wageni wanakula.

Ilikuwa Januari, na Minnesota Januari si mahali pa kuamini saa. Theluji ilianguka, ndege ya kwanza ikachelewa masaa mawili na zaidi, ile ya pili ikaondoka bila yeye. Walimpangia njia nyingine usiku ule. Alitua Nairobi Ijumaa asubuhi. Alipofika Nyanchwa ilikuwa saa tisa alasiri, akakuta vijana wanakunja mahema. Alisimama kando ya lile kaburi na koti lake la baridi bado mkononi, na hakuna aliyejua la kumwambia.

Simlaumu baba mdogo. Alipewa nambari na akaitumia kama mtu yeyote mwenye busara anavyotumia nambari. Wala siwezi kulaumu theluji. Ninaowalaumu ni watu wa kazi yangu. Yule aliyeandika ile mistari kumi alijua vizuri kabisa kwamba haangalii ratiba yoyote ya ndege, na bado akaweka neno "muda wa safari" kwa herufi kubwa. Angeweza kuandika "muda wa kukadiria wa kuruka bila kutua, kama ndege ingekuwepo". Ni maneno marefu, yanaharibu umbo la ukurasa. Lakini ni ya kweli.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi wenyewe hatukubali upuuzi wa aina hii kwenye kazi zetu. Uliza mtu yeyote anayetunza seva kama anaridhika na wastani wa muda wa majibu. Atakucheka. Wastani unaweza kuwa mzuri huku mteja mmoja kati ya ishirini akisubiri hadi anakata tamaa. Kwa hiyo tunapima tofauti: kati ya maombi 100, yale 95 ya haraka yalijibiwa ndani ya muda gani? Hiyo ndiyo nambari unayomwahidi mteja. Safari nayo inahitaji namna hiyo. Kamati ya mazishi haitaki kujua safari huchukua muda gani mambo yakiwa mazuri. Inataka kujua ni siku gani ambayo mtu 19 kati ya 20 watakuwa wameshafika. Hizo ni nambari mbili tofauti, na kwa njia yetu ziko mbali kwa siku nzima au zaidi, kwa sababu ukikosa ndege ya kuunganisha huchelewi dakika 40, unachelewa mpaka ndege ijayo. Muda wa safari hauongezeki kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo. Unaruka kwa vipande vikubwa.

Kuna na suala la saa zenyewe. Kenya iko masaa matatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima. Minnesota hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, hivyo tofauti yetu ni masaa 9 wakati wa baridi kali na 8 wakati wa joto. Juu ya hapo sisi tuna saa yetu ya Kiswahili inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Tiketi inasema 20:30, mama anasema saa mbili na nusu, dereva wa matatu aliyetumiwa ujumbe wa "8:30" anafika asubuhi. Na mbaya zaidi ni usiku wa manane, maana ndege nyingi za kwenda Ulaya huondoka Nairobi karibu na saa hizo. Ndege ikiandikwa 00:40 Jumatano, kwa mazungumzo ya kawaida huku kwetu huo bado ni usiku wa Jumanne. Watu wamefika JKIA Jumatano usiku, mizigo imefungwa kwa kamba vizuri, ndoo ya ndizi na unga wa wimbi tayari, wakaambiwa ndege yao ilishaondoka jana. Programu ya simu ingeweza kuandika mstari mmoja tu: "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, uwe uwanjani Jumanne saa tatu usiku." Redio zetu husema hivyo kila siku. Programu zetu hazisemi, kwa sababu zilitungwa na watu ambao hawana saa mbili akilini.

Na mstari ulionyooka nao haubaki ulionyooka. Kutoka Nairobi kwenda Amsterdam njia fupi inataka kupita juu ya Sudan na Libya. Tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023 mashirika yamekuwa yakiikwepa anga hiyo, na ndege zikilazimika kuzunguka kilomita huongezeka. Kanuni ya haversaini haijui vita. Wala haijui upepo: kule juu, kwenye latitudo za Ulaya na Marekani, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana Kenya Airways ilipoanza safari ya New York tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, kwenda ilipangiwa kama masaa 15 na kurudi kama 14, kilomita zikiwa zile zile 11,838. Haijui pia kwamba JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mchana ni joto, ndege nzito inapata shida kupaa, na ndiyo sababu moja ya safari ndefu kupendelea usiku wenye ubaridi.

Hiyo safari ya New York inanipa hoja yangu kubwa. Kilomita 11,838 zilikuwepo tangu zamani. Ndege za kuziruka zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa karatasi: hadi Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa haijaipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na bila daraja hilo shirika la Kenya haliwezi kuanzisha safari ya moja kwa moja. Ilipolipata, safari ya kwenda Marekani ikafupika kwa masaa kadhaa bila dunia kusogea hata sentimita moja.

Historia yote ya njia hii iko hivyo. Mwaka 1931 Imperial Airways walipoanza kuleta ndege kutoka London hadi Mwanza, Kisumu ilikuwa kituo, na safari ilikuwa ya siku nyingi, ikitua kila baada ya masaa machache. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya BOAC ilianza kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani, na ikamaliza yote chini ya masaa 24. Tangu ndege za jeti za abiria zilipokomaa miaka michache baadaye, mwendo wa hewani haujaongezeka kwa maana yoyote. Ndege ya leo haimpiti babu yake kwa mbio. Inatua mara chache zaidi, basi. Kama mwendo wa hewani umesimama kwa zaidi ya miaka 60, kila saa utakayookoa sasa iko chini: barabarani, kwenye foleni, kwenye kusubiri.

Watu wa intaneti tuliliona hili mapema. Kabla ya 2009 data yetu ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, na ndiyo maana kila kitu kilikuwa kizito. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, London ikawa "karibu". Haikusogea. Njia ndiyo iliyobadilika, na hakuna mtu aliyepima intaneti yake kwa duara kuu.

Kuna kundi moja nisilopenda kulisahau. Ni wale ambao makaratasi yao kule hayajakamilika. Wakitoka hawataruhusiwa kurudi, na huku kuna watoto wanaosomeshwa na kile wanachotuma. Mtu kama huyo akifiwa hutazama mazishi kwenye simu, saa za usiku wa kule, akiwa amevaa nguo za kazini. Kurasa zile zitamwambia masaa 16 na dakika 56 kama mtu mwingine yeyote. Katika programu, kitu kisichofikika tunakipa alama ya utupu, si nambari. Ni adabu ndogo lakini ni adabu.

Kwa hiyo nimeanza kitu changu mwenyewe, na kwa sasa kina jozi moja tu: Minneapolis na Nyanchwa. Hakitumii haversaini popote. Nakusanya safari halisi. Nahitaji vitu vinne: tarehe, saa uliyofunga mlango kule, saa uliyotoka na mizigo JKIA, na saa uliyofika getini huku. Kwa saa za wapi pia, tafadhali, na kama ni saa ya Kiswahili useme. Jina silitaki. Ukiwa ulilala Nairobi au Narok, andika. Ukiwa ulikosa ndege ya kuunganisha, hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi, kwa sababu wanaofika vizuri hawachoki kusimulia na waliokwama hunyamaza.

Mpaka sasa nina safari 23. Ya haraka kuliko zote ni masaa 32. Ya polepole ni siku nne, na mwenye safari hiyo ameniomba nisiulize zaidi. Nambari 23 hazitoshi kumwambia mtu lolote la uhakika, kwa hiyo ukurasa hauonyeshi dakika. Unaonyesha siku tatu: siku ya mapema kabisa unayoweza kufika, siku ambayo wengi hufika, na siku ambayo kamati inaweza kuandika kwenye tangazo la mazishi. Hiyo ya tatu nimeiweka kwa herufi kubwa. Baba mdogo aliiona wiki iliyopita, akavaa miwani, akasoma polepole, halafu akauliza kwa nini haina dakika.